Kujaribu Subaru WRX ya zamani na iliyoifuata: mwongozo kamili kutoka Nakuru

Nakuandikia wewe uliyeweka akiba miaka kadhaa, moyo wako uko kwa Subaru yenye turbo, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na sasa umekwama kati ya mbili. Ya kwanza ni WRX STI ya mwili wa GRB, ile yenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, iliyoingia sokoni Japani Oktoba 2007. Ya pili ni WRX S4, mwili wa VAG, iliyotoka Agosti 2014. Kuna atakayekwambia kwamba mrithi halali wa GRB ni STI ya mwili wa VAB. Kwa jina ni kweli. Lakini VAB ya Japani ilibaki na injini ileile ya EJ207, kwa hiyo ukiilinganisha na GRB unalinganisha zaidi mabati na springi. Panapobadilika namna turbo inavyofanya kazi ni kwenye S4, na hapo ndipo majaribio yako yanapohitaji akili.

Tazama nambari. EJ207 ya GRB ina sisi 1,994, nguvufarasi 308, na mvuto wa Nm 422 unaofika kileleni injini ikizunguka mara 4,400 kwa dakika. FA20 ya S4 ina sisi 1,998, nguvufarasi 300, na Nm 400. Ukiishia hapo utasema gari jipya limerudi nyuma, tena lina uzito wa kilo 1,540 dhidi ya takriban 1,480 za GRB. Ila zile Nm 400 zinaanza kwenye mizunguko 2,000 na kukaa hapohapo hadi 4,800. Mtu anayepanda mlima nyuma ya lori la viazi anaishi kati ya mizunguko 2,000 na 3,500. Kwa hiyo swali la kwenda nalo barabarani ni hili: nguvu inanikuta wapi, na ninalazimika kuingoja kiasi gani?

Karatasi, kabla hujagusa funguo

GRB utakayoipata leo ni ya mtu aliyeko hapa Kenya tayari, kwa sababu sheria ya magari ya mtumba hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. S4 za miaka ya mwisho, kabla mwili wa VAG haujasimamishwa 2021, bado unaweza kuzikuta yadini zikiwa zimetoka meli. Maana yake ni kwamba maswali si yaleyale. Kwa GRB, ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, utafute rekodi ya gari kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, uone jina la mwenyewe. Ukiona jina la benki au sacco limeandikwa pamoja na lake, bado kuna deni. Kwa S4, omba karatasi ya mnada wa Japani na usome alama na kilomita. Alama ya R ina maana gari liliwahi kugongwa na kurekebishwa. Si lazima ulikatae, ila bei ishuke na fundi alitazame mara mbili.

Kisha fungua boneti usome nambari ya chesisi. STI ya kweli huanza na GRB. Hapa mjini nimeona Impreza za kawaida zimevalishwa bampa, boneti yenye tundu na nembo ya waridi, na bei ikapanda kama STI, kumbe chesisi inaanza na GH. Ikianza na GRF, hiyo ni STI ya A-Line, yenye injini ya lita 2.5 na gia otomatiki tano. Si bandia, lakini si gari tunalolizungumzia. GRB ina gia sita za mkono, na karibu na breki ya mkono kuna gurudumu dogo la kugawa nguvu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Usipoliona gurudumu hilo, uliza kwa nini.

Mkubaliane mapema kuhusu bima. Muulize muuzaji wazi kama bima ya gari inamruhusu mtu mwingine kuendesha, na nani atalipa likikwaruzwa. Beba leseni yako. Weka mafuta mwenyewe, ya okteni ya juu kabisa utakayopata, kwa magari yote mawili, kwenye kituo kimoja. Magari haya yalipangiwa petroli bora ya Japani, ambayo okteni yake ni karibu 100. Ukilijaza moja petroli bora na jingine la kawaida umeshaharibu mlinganisho kabla hujatoka mjini.

Injini iwe baridi, na hapa sibembelezi

Gari langu la kwanza la turbo nililinunua kwa haraka. Nilifika saa nne asubuhi nikaikuta injini inanguruma, muuzaji kasimama kando anafuta kioo. "Nimekuwashia, bosi, usipoteze muda wako." Nikamshukuru! Wiki tatu baadaye, kila asubuhi nikiwasha, moshi wa buluu ulikuwa unajaza ua hadi mama jirani anaanua nguo. Turbo ilikuwa imekwisha. Injini ikishapata moto, sili zilizochoka hujificha, beringi zilizolegea hunyamaza, na wewe unasikia ngurumo tamu tu.

Kwa hiyo piga simu jioni iliyotangulia: "Kaka, naomba usiliwashe mpaka nifike." Fika saa kumi na mbili na nusu. Salimia, kisha weka kiganja chako juu ya boneti, karibu na lile tundu la hewa, kwa sababu chini yake ndipo kilipo kipoza hewa, kinachopoza hewa inayotoka kwenye turbo kabla haijaingia injini, na kwenye GRB turbo yenyewe haiko mbali. Asubuhi ya Nakuru bati linatakiwa kuwa baridi hadi likulowanishe vidole kwa umande. Likiwa na uvuguvugu, sema kwa heshima kwamba utarudi kesho. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Chomoa kijiti cha oili. Kiwango kiwe katikati au juu. Inuse: ikiwa na harufu ya petroli, kuna shida. Injini hizi zina silinda zilizolala, mbili kila upande, na EJ yenye turbo haisamehe oili ikipungua. Beringi za konrodi ndizo hufa kwanza. Muulize mwenye GRB hubadilisha oili kila baada ya kilomita ngapi, halafu nyamaza umsikilize. Anayelijua gari lake hujibu hata kabla hujamaliza swali.

Washa vioo vikiwa wazi, redio imezimwa, na mwenzako amesimama nyuma ya ekzosi. Mimi humchukua mdogo wangu kwa kazi hii, naye hushika simu kurekodi. Moshi wa buluu ni oili. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, na mara nyingi chanzo ni mtu aliyefunga vali ya kupumulia nje ili gari lipige kelele ya "pshhh", ilhali kompyuta bado inahesabu hewa iliyotoka kuwa imeingia. Moshi mweupe wa asubuhi ni mvuke, utaisha. Usipoisha na ukawa na harufu ya utamu, maji ya radieta yanaungua ndani na gasketi ya hedi imechoka.

Sasa sauti. EJ ikiwa baridi inaweza kugonga kidogo, tak-tak nyepesi ya pistoni, ikapotea baada ya dakika chache. Hiyo isikutishe sana. Lakini ukisikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaoongezeka kadiri unavyokanyaga mafuta, zima, shukuru, nenda nyumbani. FA20 ina mlio wa haraka wa vinyunyizio vya petroli, kama cherehani iliyo chumba cha pili. Ni kawaida yake, kwa sababu petroli inapulizwa ndani ya silinda moja kwa moja kwa shinikizo kubwa. Namna hiyo ya kupuliza haiziogeshi vali za kuingizia hewa, kwa hiyo hushika masizi kadiri kilomita zinavyopanda. Injini ya S4 ikitetemeka ikiwa imesimama, mwambie fundi aanzie huko.

Jambo moja la pesa: EJ inatumia mkanda wa taimingi, unaobadilishwa karibu na kilomita 100,000. FA20 ina cheni. Kama mwenye GRB hana risiti ya mkanda, hesabu gharama yake ndani ya bei siku hiyohiyo.

Njia ya majaribio

Usiende kuelekea Salgaa. Najua ndiyo barabara kubwa, lakini ni njia ya malori, na imezika watu wengi. Mimi hutumia barabara ya Nyahururu: kutoka mjini, kupitia Bahati, hadi kuteremka Subukia, kisha kurudi. Ndani ya safari hiyo moja una matuta, barabara tambarare, mlima mrefu, kona kali na mteremko wa kuzichosha breki. Jumapili alfajiri ni wakati mzuri, kabla watu hawajatoka kwenda ibada. Epuka siku za hija kwenye kituo cha Bikira Maria pale Subukia, mabasi huwa mengi. Na kwenye kila senta, kilomita 50 ni 50. Watoto na bodaboda hawajui kwamba unapima turbo.

Kuna sababu nyingine ya kupenda majaribio ya huku kwetu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni takriban asilimia 80 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zake hapa. Turbo inafidia pengo hilo, lakini lazima izunguke kwa kasi zaidi kufikia shinikizo lilelile, na inachelewa kidogo kuamka. Kwa hiyo ile 2,000 ya S4 iliyoandikwa Japani, hapa utaihisi imesogea mbele. Na turbo iliyochoka, ambayo pwani ingejikongoja bila kujulikana, huku juu inajitoa yenyewe. Ukivuka Mau kuelekea Kisumu unapanda juu zaidi ya hapa, na ukipita Timboroa kwenda Eldoret unafika zaidi ya mita 2,700, na mambo yanakuwa magumu zaidi. Jaribu gari mahali utakapoliendesha.

Anza na GRB. Kilomita kumi za kwanza usizidishe mizunguko 3,000. Mweleze muuzaji unafanya hivyo ili oili ipate moto, naye ataona una heshima kwa gari lake. Wakati huo pima klachi: kwenye gia ya nne, mwendo wa 50, kanyaga mafuta taratibu. Mshale wa mizunguko ukipanda na mwendo usipande, klachi inateleza. Sikiliza usukani pia. Wa GRB unasaidiwa na oili, kwa hiyo kila kokoto utaipata viganjani. Wa S4 unasaidiwa na umeme, ni mwepesi na wa haraka, lakini husema machache.

Kuna kitufe cha SI-Drive cha kuchagua tabia ya injini, chenye I, S na S#: kwenye GRB ni cha mviringo katikati ya viti, kwenye S4 kiko usukani. Magari yote mawili yanacho, na hapa watu wengi wamedanganyika bila mtu kuwadanganya. Kikiwa kwenye I, gari linakuwa zito makusudi ili kuokoa mafuta. Mtu anashuka akisema S4 haina kitu, kumbe dereva aliyepita aliacha I. Kabla ya kila kipimo, soma herufi kwenye dashibodi, uiseme kwa sauti ili mwenzako aiandike.

Kipimo chenyewe

Ukishapita Bahati na barabara ikaanza kupanda, tafuta kipande kirefu unachoona mbele, kisicho na nyumba. Kwenye GRB, S#, gia ya nne, mwendo wa 60. Mshale uko juu kidogo ya 2,000. Kanyaga hadi chini, usibadilishe gia, mwenzako apige saa hadi 100.

Utakachokihisi ni hiki. Kwanza, hakuna kitu. Gari linaendelea kama halijakusikia. Unahesabu moja, mbili, na injini inavuta pumzi. Halafu, karibu na 3,000, mluzi mwembamba unapanda kutoka chini ya boneti, kiti kinakuja mgongoni, na kuanzia hapo unashikilia usukani kwa mikono miwili. Kungoja huko si ugonjwa, ndiyo tabia ya gari. Ugonjwa ni mluzi uliogeuka kuwa king'ora cha kukwaruza, au msukumo unaokuja, unakatika, unarudi. Kukatikakatika maana yake ni bomba la hewa lililopasuka, plagi, au kompyuta inayojihami baada ya kusikia petroli ikigonga ndani ya silinda. Rudia kwa gia ya tatu. Utashangaa ni gari jingine, kwa kuwa GRB huishi huko juu, na mstari wake mwekundu uko 8,000.

Fanya kipimo mara tatu mfululizo. Muda ukirefuka sana mara ya tatu, kipoza hewa kimepata moto. Kinakaa juu ya injini kwenye magari yote mawili, na kikishiba joto kinapeleka hewa ya moto. Kupungua kidogo ni kawaida. Kupungua sana kunataka fundi atazame.

S4 ifanyie vilevile, mlima uleule, mtu yuleyule kando yako. Gia yake ni CVT, mnyororo na puli badala ya meno, kwa hiyo fanya kipimo kwanza kwenye I, ukanyage nusu tu, namna utakavyopita lori siku za kazi. Hapa ndipo gari hili linaponinyamazisha. Hakuna kungoja kwa kuhesabu. Linasogea kama mlima umelazwa, na abiria haachi mazungumzo. Kisha S#, pedeli chini. CVT inajigawa hatua nane kama gia, sauti inapanda na kushuka, na saa yako itaonyesha muda mzuri. Tofauti na GRB, hutajua sana lini umefika 100. Kwa wengine hilo ni sifa. Wengine, nami nikiwa mmoja wao, wanakosa kitu.

Kwenye S4 sikiliza zaidi gia kuliko turbo. Mnyororo wa CVT una sauti ndogo ya kuvuma, lakini kilio kinachopanda na mwendo hata ukiachia mafuta ni dalili ya beringi. Kwenye senta, ukipunguza hadi kusimama, gari lisigutuke. Uliza oili ya CVT ilibadilishwa lini. Ukijibiwa kwamba hiyo oili ni ya maisha, weka fedha za kuibadilisha pembeni.

Mteremko wa Subukia ni wa breki na springi. GRB nyingi zina breki za Brembo, na pedeli inatakiwa kuwa ngumu hadi chini kabisa. Usukani ukitetemeka unapofunga breki, diski zimepinda. Kwenye kona, GRB inakuwa bapa na inakuonyesha kila kiraka cha lami. S4 inalala kidogo, lakini mgongo wako utaipenda.

Baada ya kusimama

Usizime papo hapo. Iache ingurume dakika moja au mbili, kwa sababu turbo iliyotoka mlimani ni ya moto sana, na oili ikisimama ndani yake inaungua na kuziba njia. Mtazame muuzaji mwenyewe mnapofika: akizima mara moja baada ya kulikimbiza, ndivyo alivyolitunza miaka yote.

Ikishazimwa, fungua boneti. Tafuta oili mbichi kwenye mabomba yanayoingia kwenye kipoza hewa. Unyevu mdogo si neno, matone ni neno. Ngoja dakika kumi na tano, uwashe tena, uangalie moshi kwa mara ya pili. Chomeka skana, kifaa cha kusoma hitilafu zilizorekodiwa na kompyuta ya gari. Ikionyesha kumbukumbu zake zilifutwa asubuhi hiyo, uliza sababu.

Sasa fanya ambalo wengi hawafanyi: rudi kwenye gari la kwanza. Ulipoendesha GRB mwanzoni ulikuwa na msisimko, ulipopanda S4 ulikuwa unalinganisha na msisimko. Duru ya tatu, hata kilomita tano tu, ndiyo utakayoiamini. Kuna siku nilishuka S4 nikiwa nimeshaamua kichwani, nikarudi kwenye GRB kutimiza tu ratiba, na kwenye tuta la kwanza nikagundua goti langu la kushoto limechoka na klachi. Siku nyingine rafiki yangu alirudi kwenye ile ya zamani, akabadilisha gia mara mbili, na hakuhitaji kusema kitu.

Ushauri wangu, ukiutaka: kama gari ni moja nyumbani, mke na watoto wanalitumia, na kila mwezi unakwenda Kisumu na kurudi, chukua S4. Kama una gari jingine la kazi, na umepata GRB ambayo haijachezewa kompyuta, ina risiti za mkanda na oili, usiilalie hadi kesho, kwa sababu zisizochezewa zinaadimika. GRB iliyoongezewa nguvu na mtu asiyeweza kukuonyesha ni nani aliipanga kompyuta yake, iache hata ikiwa bei ni ya kuokota.

Kabla ya kulipa, mpe fundi wako, si wa muuzaji, apime mgandamizo wa silinda zote nne. Zikiwa karibu sawa, ongeeni bei mkiwa mmeketi. Lipa kwa benki ili ushahidi ubaki, na muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kwenye eCitizen mkiwa pamoja, nawe ukubali kwenye simu yako kabla hajakukabidhi funguo ya pili.